Ndege Wanakula Kila Dakika Ishirini

Kamati ya vijana wa kanisa letu imeniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu, kwa sababu nasikia siku hizi naitwa mstaafu. Nina miaka thelathini na moja. Nina binti wa miaka miwili anayeelewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza, na sasa hivi anachora ukutani. Nilimaliza kidato cha nne, nikafaulu Biolojia na Kiswahili, mengine tuyaache. Kazi niliyostaafu niliifanya miaka sita. Kama mlitaka mtu wa kuwatia moyo, mngemwomba mchungaji.

Sikieni basi. Wengi wenu mama zenu ni wauguzi au wanahudumia wazee majumbani, na mnadhani hizo ndizo kazi mbili pekee zilizopo Birmingham. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoajiriwa kulisha ndege. Nilimpigia mama simu Nyahururu kumpa habari njema.

"Kuku?" akauliza.

"Hapana mama. Ndege wa msituni."

"Wanataga?"

"Mayai mawili, madogo kama harage."

"Mnawala?"

"Hapana."

"Sasa hapo kazi ni ipi?"

Kazi ilikuwa kwenye bustani ya ndege ya mtu binafsi, upande wa Great Barr, karibu na ile barabara kuu inayonguruma kutwa. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Ladywood na kubadilisha basi mara moja. Ndani ya bustani kulikuwa na nyumba ya vioo kubwa kama ukumbi wa shule, na ndani ya nyumba hiyo walikuwa wametengeneza msitu wa milima ya Amerika ya Kusini. Wageni waliingia wakivua makoti, wakidhani wanaingia kwenye joto, halafu wanayavaa tena. Msitu wa mlimani ni ukungu na baridi. Kule ndani ilikuwa Limuru ya mwezi wa saba, bila chai.

Ndege niliokabidhiwa ni wavumaji, hummingbird kwa Kiingereza. Wako wa aina nyingi, ila wetu walikuwa wale wanaovaa soksi. Sitanii. Miguu yao ina manyoya meupe yaliyofura kama pamba, na dume ana mkia wenye manyoya mawili marefu yaliyopanuka mwishoni kama miiko. Ndege mzima hafikii uzito wa sarafu ya peni moja. Siku ya kwanza nilimwangalia jike mmoja, anang'aa kijani, mdomo kama sindano, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefaulu Biolojia, "Ah, huyu ni chozi. Tunao tele nyumbani."

Nyuma yangu mtu akajibu kwa Kiswahili, "Chozi anakaa kwenye tawi akila. Huyu anakula akiwa hewani, kama wewe unavyokula kwenye basi."

Huyo ndiye Mzee Gurdev. Singasinga, amezaliwa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa mashine za kusagia unga. Alikuja Birmingham kijana, akafanya kazi ya kiwandani mpaka akastaafu, halafu akachoka kukaa nyumbani akaja kutunza mitambo ya ile nyumba ya vioo na ndege wake. Miaka mingi alikuwa hajapata mtu wa kumgombeza kwa Kiswahili. Alifidia yote juu yangu.

Kosa langu la kwanza nawapa bure. Chakula cha mvumaji ni sukari nyeupe, kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne. Unachemsha, unapoza, unajaza vichupa, unabadilisha asubuhi na mchana. Vichupa unaviosha kwa maji moto na siki, kamwe si kwa sabuni. Basi. Wiki yangu ya pili yule jike alionekana mnyonge, amejikunja. Kwetu mtu akiwa mnyonge anapewa nini? Nilikuwa na asali ya nyumbani kwenye begi, nimekuja nayo kwa ajili ya kikohozi changu. Nikamchanganyia kijiko kizima, kwa upendo.

Mzee Gurdev akanusa kichupa. "Umeweka nini hapa?"

"Asali, Mzee. Asali safi kabisa, ya Kitui."

Alimwaga kile kichupa, akamwaga na vingine vyote kumi na moja, akanisimamisha kwenye sinki. "Asali inachacha, inawaotesha kuvu kwenye ulimi. Ulimi ukivimba, hawezi kula. Asipokula kwa saa mbili, amekwisha. Asali ni dawa ya watu."

Nikaosha vichupa kumi na viwili huku machozi yananitoka. Alipoyaona, akasema, "Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwatilia manjano. Mama yangu alikuwa anatibu kila kitu kwa manjano. Ndege walikunya rangi ya chungwa siku tatu, na nilimwambia meneja ni maua."

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Asubuhi moja nilimkuta yule jike, ambaye tulishamwita Soksi, amening'inia kichwa chini kwenye tawi, baridi, mgumu, macho yamefungwa. Nikamchukua. Hata mkononi hakuwa na uzito wa kitu kilichowahi kuishi. Ukutani palikuwa na jedwali la kulisha, kila ndege na saa yake, na sisi tulikuwa tukiandika kwa kalamu ya wino na kutia saini. Nikaandika: amekufa. Nikamfunika kwa viganja vyangu viwili, nikamwombea. Nilikuwa bado sijafika kwenye amina, kitu kikaanza kutetemeka viganjani kama simu. Nikafungua mikono. Akaruka, akaenda kunywa.

Nilikimbia mpaka kwenye mitambo. "Mzee! Soksi alikufa, nikaomba, amefufuka!"

Mzee Gurdev aliweka spana chini. "Usianzishe kanisa. Analala hivyo. Milimani usiku kuna baridi, na yeye hana akiba mwilini, kwa hiyo anazima kila kitu mpaka asubuhi. Mikono yako imempasha moto, ndiyo hivyo tu."

Tatizo likabaki jedwali. Kilichoandikwa kwa wino hakifutwi mpaka wafanyakazi wawili wakubaliane na kutia saini zao kando, na mstari wowote ambao haukutekelezwa lazima meneja auandikie ripoti yenye maelezo. Sheria hiyo waliiweka ili mtu asifiche kosa. Soksi alikuwa marehemu rasmi hadi saa nane mchana, Mzee alipopata nafasi ya kutia saini ya pili. Tulimlisha hivyo hivyo.

Mambo mengine nilijifunza taratibu. Mvumaji haishi kwa sukari tu, anataka na wadudu. Mimi niliyekuzwa kwa kufukuza vijiinzi kwenye ndizi nikawa mfugaji wa vijiinzi: maganda ya ndizi kwenye ndoo, kitambaa juu, tundu dogo. Nilijua ndoo yangu iko tayari kwa kuisikiliza. Nilijifunza pia kutovaa kitambaa chekundu kichwani, kwa sababu wanadhani wewe ni ua, na ndege akikuchunguza sikio kwa mdomo ule unakumbuka dhambi zako zote. Na nilijifunza kuhusu vioo. Mzee Gurdev alikuwa akivisafisha nusu nusu, makusudi. "Kioo chenye vumbi kidogo, ndege anakiona," aliniambia. "Kikisafishwa sana, anaona mbingu tu, anaiingia kichwa kichwa." Hakuna kitabu kilichoandika hayo. Ukikuta mzee kazini ambaye anaonekana mvivu, kwanza uliza kwa nini.

Basi nikajifungua binti yangu, Imani. Baba yake yuko, ila yuko mahali pengine, na hapo tumemaliza habari zake. Kumbe na dume la mvumaji ni hivyo hivyo: akishapanda hajui hata kiota kiko mti gani. Soksi alijenga kwa utando wa buibui na pamba ya majani, akaatamia peke yake, akalisha peke yake. Tofauti yetu ni kwamba yeye watu walimpiga picha.

Nilirudi kazini Imani akiwa na miezi minne na nusu. Nilimwacha na jirani yangu wa ghorofa moja na mimi, Mama Espérance, Mkongo wa Bukavu, mwanamke ambaye akikwambia neno unahisi umesukumwa. Maziwa ya kopo Imani aliyatapika yote, tulijaribu aina tatu. Muuguzi wa kliniki alisema, endelea na ya kwako. Sawa. Lakini maziwa ya mama hayakai yakingoja kama bia. Usipokamua kwa saa zake, mwili unadhani mtoto hayupo tena, unafunga duka. Nilihitaji nafasi mara mbili kwa siku, saa tano na saa nane, dakika ishirini kila mara, na mahali penye mlango.

Meneja wetu aliitwa Fiona. Fiona hakuwa mkali. Alikuwa na ile sauti laini ya kukunyima kitu huku akikushika bega. Alisema anaelewa kabisa, yeye mwenyewe ana paka. Akasema nina saa yangu ya chakula, saa saba, na choo cha wageni kina mlango mzuri tu.

Nikakamulia chooni, mara moja kwa siku, nimekaa juu ya kifuniko, watoto wa shule wakigonga. Wiki ya kwanza nilijaza chupa. Wiki ya tatu, nusu.

"Mama Imani," Mama Espérance aliniambia jioni, akiniinulia chupa mbele ya taa ya korido, "hii ni maziwa ao ni dawa ya macho? Mutoto analia mpaka anachoka. Weye unalisha nani huko?"

Nilikuwa nalisha ndege.

Wakati huo makinda wawili wa Soksi walikuwa wameanguliwa, wana siku kumi. Siku ya kuja kwa wapiga picha ikakaribia, na Fiona akaagiza vioo vyote vioshwe ving'ae. Mzee Gurdev alikataa. Fiona akaleta watu wa nje. Kesho yake, saa nne asubuhi, tulisikia kitu kama punje ya hindi ikigonga dirisha. Soksi alikuwa chini, kwenye majani. Nilimchukua nikamshika kwenye viganja, na nikangoja muda mrefu. Mzee akaniwekea mkono begani akasema, "Mama, huyo hapana."

Fiona alilia. Nasema ukweli, alilia kweli. Halafu akaitisha mkutano wa dharura. Makinda hawa watalishwa kwa mkono, akasema, kila dakika ishirini kuanzia alfajiri mpaka giza liingie, kwa bomba dogo, sukari na inzi waliopondwa. Hakuna kuchelewa hata mara moja, kwa sababu kiumbe mdogo namna ile hawezi kungoja. Ataweka kamera, watu waone. Na mlezi wao nitakuwa mimi, kwa kuwa nina mikono myepesi, na, akaongeza akitabasamu kwenye machozi, "wewe ni mama, unaelewa."

Nilielewa sana.

Siku tatu nililisha. Kinda akifungua mdomo unadondosha kidogo, unangoja ameze, unadondosha tena, ukiharakisha anapaliwa. Watu wakaandika kwenye mtandao kwamba mimi ni malaika. Saa ya chakula ikafutwa, nikawa nakula mkate mkono mmoja. Choo nacho kikafutwa. Siku ya tatu jioni nilikamua nyumbani matiti yote mawili, nikapata kiasi cha kufunika kitako cha chupa. Imani alinyonya, akaniangalia, akalia kwa hasira. Alikuwa na haki. Nami nikakaa kwenye sofa nikahesabu: ndege wawili, mara thelathini na kitu kwa siku. Mtoto wangu, mara sifuri.

Asubuhi ya nne nilifika mapema, nikachukua kalamu ya wino. Kwenye jedwali kulikuwa na safu ya makinda, kila dakika ishirini. Nikaandika katikati yake, kwa herufi kubwa: SAA TANO, IMANI. SAA NANE, IMANI. Nikatia saini. Ilipofika saa tano nikampa Mzee Gurdev bomba la makinda, yeye aliwajua kuliko mimi, nikaingia kwenye chumba cha karantini ambako hukaa ndege wapya. Palikuwa na kiti, joto, mlango, na tangazo la kuwataka watu wasipige kelele kwa sababu kelele huwatia wakazi wasiwasi. Nikakamua. Nikaandika jina kwenye chupa, nikaiweka kwenye friji karibu na sukari ya wavumaji.

Fiona alinikuta mbele ya jedwali.

"Imani ni nani?"

"Wa saa tano na saa nane."

"Naona. Lakini ni spishi gani? Sina Imani kwenye orodha."

Mzee Gurdev alijibu bila kugeuka. "Mamalia."

Fiona akasoma tena. Uso ukaanza kubadilika rangi kutoka shingoni kwenda juu. "Hili ni jedwali la ndege."

"Ni jedwali la walio hatarini wasipolishwa kwa wakati," nikasema. "Umeandika hivyo wewe mwenyewe, pale juu."

"Itabidi tuufute mstari huu."

"Kwa saini mbili," nikasema. "Yako na ya Mzee."

Fiona akamnyooshea kalamu. Mzee Gurdev akajipapasa mfuko mmoja, akajipapasa mwingine. "Miwani nimeisahau nyumbani," akasema. Ilikuwa inaning'inia kifuani pake.

"Basi usiutekeleze tu," Fiona akaniambia, na ile sauti laini haikuwepo tena.

"Sawa. Ila mstari usiotekelezwa unaandikiwa ripoti. Uandike kwamba mtoto wa miezi mitano alinyimwa chakula ili ndege wapate. Uiweke karibu na kamera."

Fiona akaondoka. Mzee Gurdev akavaa miwani yake akaendelea kulisha.

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilirudi kwenye sinki nikaosha kichupa kile kile mara tatu. Ila mbinu ilifanya kazi. Kila siku saa tano na saa nane niliingia karantini, nikatoka, nikatia saini. Siku mbili za kwanza hazikuleta kitu. Siku ya tano chupa ikafika nusu. Siku ya tisa Mama Espérance aliniinulia ile chupa kwenye taa ya korido, akaitikisa, akasema, "Eh. Sasa hii ni mama." Fiona alikuwa akipita karibu na jedwali kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Makinda waliota manyoya, wakaota soksi. Alhamisi moja, saa nane na nusu mchana, mmoja akasimama kwenye ukingo wa kiota, akavuma papo hapo kwanza kama anayewasha injini, akaondoka. Wa pili akamfuata. Wote wawili wakaenda moja kwa moja kwenye kichupa cha sukari wakanywa wenyewe. Wageni wakapiga makofi. Mzee Gurdev alijifuta jicho akisema ni siki. Nami nilifurahi, mjue hilo. Sikuwahi kuwachukia wale ndege. Hawakuwa wameandika ratiba yoyote.

Fiona alikuja akanikumbatia. Halafu akachomoa pini, akaling'oa jedwali ukutani.

"Tumefanikiwa," akasema. "Sasa turudi kwenye ratiba ya kawaida. Na kile chumba nitakihitaji, Jumatatu wanakuja kasuku."

"Na Imani?"

"Si amekua? Ana karibu miezi sita."

"Fiona, hao wamesharuka. Wangu hata kukaa hajaweza."

Akanishika bega. "Kuna kile choo."

Vijana, nawaambieni jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mkienda kuomba kazi, ulizeni mahali pa kukamulia kabla hamjatia saini mkataba, hata kama huna mtoto, hata kama wewe ni mvulana. Uliza uone uso wa anayejibu. Na mkikuta sheria kazini isomeni yote, kwa sababu aliyeiandika hakuisoma.

Nilivua ovaroli. Nilimpa Mzee Gurdev funguo, akazishika bila kuzitia mfukoni.

"Unaenda kweli?"

"Naenda, Mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na inzi nani atawalea?"

"Maganda yako kwenye ndoo. Utawasikia wakiwa tayari."

Fiona aliniita nikiwa mlangoni, akasema zamu yangu haijaisha, akasema niwafikirie ndege. Nikatoka. Nikapanda basi, nikabadilisha, nikapanda lifti mpaka ghorofa ya tisa, nikagonga.

Mama Espérance alifungua na Imani begani, analia. Akaangalia saa, akaniangalia mimi. "Bamekufukuza?"

"Hapana. Nimeacha."

"Na ingine kazi iko?"

"Hakuna."

Akasonya mpaka nikasikia mwangwi koridoni. Halafu akanikabidhi mtoto. "Basi chukua. Nilikuwa najaribu kupasha ile chupa, na ye hataki kungoja."

Sikufika hata mlangoni kwangu. Niliketi chini pale pale kwenye korido, koti mwilini, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, nikafungua vifungo. Imani akashika, akanyamaza. Lifti ikafunguka. Watu waliotoka kazini wakatuona, wakasita, wakaanza kuruka miguu yangu mmoja mmoja, wakiomba radhi, na sikuikunja.